Usalama wa dawa za kuchangamsha ubongo kwa watoto na vijana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Tabora na Kigoma

Ukurasa huu umekusanya maswali yanayorudiwa na wazazi, walezi na walimu wa mikoa yetu miwili, ambao mtoto wao ameandikiwa, au anakaribia kuandikiwa, dawa ya kumsaidia kutulia na kuzingatia masomo. Hatari za dawa hizi zinaelezwa bila kukuzwa na bila kufichwa, kwa kuwa mzazi anayeogopa kupita kiasi humnyima mtoto tiba, na asiyeogopa kabisa humpa kidonge bila kumpima. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari anayemfahamu mtoto wako.

## Mambo ya msingi

Dawa hizi ni zipi, na inakuwaje mtoto asiyetulia apewe kitu cha kumchangamsha?

Zipo familia mbili. Ya kwanza ni methilifenideti, inayofahamika zaidi kwa jina la biashara la Ritalin. Ya pili ni amfetamini na jamaa zake, kama ile inayouzwa kwa jina la Adderall. Zote huandikiwa hasa watoto wenye upungufu wa umakini na utukutu uliopitiliza, hali ambayo madaktari huiita kwa kifupi ADHD.

Mwaka 1937 daktari Charles Bradley, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, aliwapa amfetamini watoto waliokuwa wakiumwa kichwa baada ya kupimwa maji ya uti wa mgongo, akashangaa kuona baadhi yao wametulia na kufanya vizuri darasani. Methilifenideti ilitengenezwa mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, Uswisi. Zote mbili huongeza dopamini na noradrenalini, kemikali ambazo sehemu ya mbele ya ubongo huzitumia kuzuia papara na kushikilia jambo moja hadi liishe. Anachochangamshwa mtoto, kwa hiyo, ni ile sehemu ya ubongo inayomwezesha kujizuia. Hata hivyo kemikali hizo hizo hugusa pia moyo, mishipa ya damu, hamu ya chakula na usingizi, na karibu kila hatari inayozungumzwa hapa chini inaanzia hapo.

Je, kila mtoto mtukutu anazihitaji?

Hapana, na kwa maoni yangu hatari kubwa kuliko zote ni kumpa dawa hii mtoto ambaye tatizo lake ni jingine. ADHD haithibitishwi kwa malalamiko ya mwalimu mmoja wala kwa wiki moja ya fujo. Dalili lazima ziwe zimedumu kwa miezi 6 au zaidi, ziwe zilianza kabla ya umri wa miaka 12, zionekane nyumbani na shuleni, na ziwe zinamharibia mtoto maisha yake.

Katika mazingira yetu yapo mambo mengi yanayofanana na ADHD. Mtoto aliyewahi kuugua malaria kali iliyopanda kichwani anaweza kubaki na matatizo ya umakini au kifafa. Kipo kifafa ambacho mtoto haanguki wala hatikisiki, ila anazubaa kwa sekunde chache mara nyingi kwa siku, na mwalimu anadhani anaota ndoto za mchana. Mtoto mwenye sikoseli anaweza kupata kiharusi kidogo kisichoonekana kwa nje kinachomwacha na ugumu wa kujifunza. Mwingine hasikii vizuri kwa sababu masikio yametoa usaha kwa miaka, mwingine ana upungufu wa damu, mwingine amefika shuleni bila kula baada ya kutembea kilomita kadhaa, na mwingine ameketi nyuma ya darasa lenye wanafunzi wengi mno hata mtu mzima asingeweza kumsikiliza mwalimu. Kila mmoja wa hawa ana tiba yake, wala si kidonge cha kuchangamsha.

Ni umri gani mtoto anaweza kuanza?

Methilifenideti imesajiliwa katika nchi nyingi kwa watoto kuanzia miaka 6, na mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza unakubali kuanzia miaka 5. Chini ya hapo njia ya kwanza ni kuwafundisha wazazi namna ya kumwongoza mtoto. Juni 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza maelezo ya vichangamshi vya muda mrefu, yaani vidonge ambavyo kimoja hufanya kazi kwa saa nyingi, yaonye kuhusu kupungua uzito kwa walio chini ya miaka 6, kwa sababu miili yao hubaki na dawa nyingi zaidi kuliko ya watoto wakubwa wanaopewa dozi ile ile.

## Kabla ya kidonge cha kwanza

Vipimo gani vifanyike?

Uzito, urefu, shinikizo la damu na mapigo ya moyo, vyote viandikwe kwa tarehe. Vifaa vyake ni mzani, rula ya ukutani na mashine ya presha yenye mkanda unaolingana na mkono wa mtoto. Mkanda wa mtu mzima kwenye mkono mwembamba hutoa presha ya chini kuliko ilivyo. Nawasihi wazazi wanunue daftari dogo na kwenda nalo kila kliniki, kwa sababu namba ya leo haina maana bila namba ya miezi mitatu iliyopita.

Kisha yapo maswali ambayo daktari atauliza, na ambayo mzazi anapaswa kuyajibu hata asipoulizwa. Je, mtoto amewahi kuzimia akikimbia au akicheza mpira? Je, hulalamika kifua au moyo kwenda mbio? Je, yupo ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa bado kijana, bila sababu kujulikana? Swali la mwisho ni gumu kwetu, kwa sababu kifo cha ghafla mara nyingi huelezwa kwa namna nyingine ndani ya ukoo, lakini hata hivyo litajwe. Watajwe pia watoto waliowahi kuambiwa wana tundu kwenye moyo, na wale ambao valvu zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyofuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa, ugonjwa ambao bado unawapata watoto wa Tanzania.

Likipatikana jibu la kutia shaka, mtoto apimwe umeme wa moyo kwanza. Hospitali za rufaa za mkoa, yaani Kitete kwa Tabora na Maweni kwa Kigoma, ndipo pa kuanzia, na kutoka hapo anaweza kupelekwa Bugando, Mwanza. Kipimo hicho hakilazimiki kwa mtoto ambaye historia na uchunguzi wake havina dosari.

Nimesikia dawa hizi husimamisha moyo. Ni kweli?

Hofu hiyo ina chanzo. Februari 2005 Canada ilisitisha uuzaji wa Adderall ya muda mrefu kutokana na taarifa za vifo vya ghafla, kisha ikairuhusu tena Agosti mwaka huo huo baada ya kupitia ushahidi. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia watoto na vijana zaidi ya 1,200,000 wenye umri wa miaka 2 hadi 24. Matukio makubwa ya moyo yalikuwa takriban 3 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na watumiaji wa dawa hizi hawakuonekana kuyapata zaidi ya wasiotumia.

Kwa wastani dawa hupandisha presha kwa milimita 2 hadi 4 na mapigo ya moyo kwa 3 hadi 6 kwa dakika. Kwa moyo mzima hilo ni dogo, ingawa wastani huficha wachache wanaopanda zaidi; ndiyo maana vipimo hurudiwa kila dozi inapobadilishwa na kila baada ya miezi 6. Kwa moyo wenye kasoro hata nyongeza ndogo ni mzigo. Mtoto akizimia, akiumwa kifua au akipumua kwa shida akicheza, asipewe kidonge kinachofuata hadi aonwe na daktari.

## Chakula, kimo na usingizi

Mwanangu hataki kula mchana. Nifanye nini?

Haya ndiyo maudhi yanayotokea zaidi kuliko mengine yote. Dawa ikiwa kazini mtoto hasikii njaa. Ikiisha nguvu jioni njaa hurudi kwa kishindo. Usimlazimishe mchana. Sogeza chakula kwenye nyakati ambazo mwili unakikubali: kifungua kinywa kizito kabla ya kidonge, kwa mfano uji wenye karanga zilizosagwa, yai au maziwa, kisha chakula kamili jioni, na kingine kidogo kabla ya kulala. Kigoma tuna bahati ya mawese na dagaa, Tabora tuna karanga, asali na matobolwa; ni vyakula vyenye nguvu nyingi katika kiasi kidogo, na ndivyo anavyohitaji mtoto wa namna hii.

Mtoto wa miaka 10 au pungufu apimwe uzito kila miezi 3. Uzito ukishuka mara mbili mfululizo usisubiri tarehe ya kliniki. Daktari anaweza kupunguza dozi, kubadili dawa, au kuruhusu mapumziko wakati wa likizo ya shule. Mtoto aliyekuwa na utapiamlo kabla ya kuanza dawa atibiwe lishe kwanza.

Je, atadumaa?

Katika utafiti mkubwa wa Marekani ulioanza na watoto 579 na kujulikana kama MTA, watoto walioanza dawa na kuendelea nazo kwa miaka 3 walikuwa pungufu kwa takriban sentimita 2 za kimo na kilo 2.7 za uzito kuliko wale ambao hawakutumia. Huo si udumavu wa kumfanya mtoto aonekane tofauti na wenzake, lakini ni upungufu wa kweli, na mzazi ana haki ya kuuweka kwenye mizani pamoja na faida anazoziona. Urefu upimwe kila miezi 6.

Kwa nini halali usiku, na kwa nini jioni anakuwa mkali?

Kidonge cha muda mfupi cha methilifenideti huanza kazi ndani ya saa moja na kudumu takriban saa 4, wakati aina za muda mrefu hudumu saa 8 hadi 12. Dozi inayotolewa alasiri sana humkuta mtoto kitandani akiwa macho, hivyo kwanza chunguza saa ya dozi kabla ya kumlaumu mtoto au kumpa dawa ya usingizi.

Ukali wa jioni ni jambo tofauti. Dawa inapoondoka mwilini, dalili za awali hurudi zikiwa zimeongezeka kwa muda wa saa moja hivi: machozi, hasira, kelele. Wazazi wengi hudhani hiyo ndiyo tabia mpya ya mtoto. Andika saa inapoanza na saa inapoisha, kwa sababu daktari akiiona kwenye daftari lako anaweza kurekebisha ratiba badala ya kuongeza dozi.

Ameanza kupepesa macho na kukunja uso bila kukusudia.

Mwambie daktari, na usimkaripie. Miondoko ya namna hii huwapata watoto wengi wenye ADHD hata bila dawa, lakini ikianza au kuongezeka baada ya dawa, dozi itazamwe upya.

## Akili na tabia

Anadai anasikia sauti. Ni dawa au ni mambo mengine?

Inaweza kuwa dawa, na hilo ndilo la kuchunguza kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu vijana wa Marekani wa miaka 13 hadi 25 ulikuta takriban mmoja kati ya 660 waliopewa vichangamshi akipata dalili za kuchanganyikiwa akili kwa mara ya kwanza. Waliotumia amfetamini walipata takriban mara mbili ya waliotumia methilifenideti. Dalili ni kusikia au kuona visivyokuwapo, kuwashuku watu wa nyumbani, au furaha na maneno mengi yaliyopita kiasi pamoja na kutolala.

Hapa ndipo muda hupotea. Familia nyingi hupeleka kwanza kwa mganga au kwenye maombi, na wakati huo wote kidonge kinaendelea kutolewa kila asubuhi. Sisemi mtu aache imani yake. Nasema dozi isitishwe siku hiyo hiyo na mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Ukoo wenye historia ya ugonjwa wa akili utajwe mapema, kabla dawa haijaanza. Tukio kama hili liripotiwe pia kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kwa fomu ya njano ambayo mfamasia anaweza kukusaidia kuijaza.

Huzuni nzito, kujitenga, au maneno ya kutamani kufa yashughulikiwe kwa haraka ile ile.

Je, mwanangu atakuwa teja?

Dozi iliyoandikwa, ikimezwa kwa mdomo chini ya macho ya mtu mzima, hupanda polepole na haileti ile raha ya ghafla inayojenga uraibu. Hatari inaanza pale vidonge vinaposagwa na kuvutwa puani, dozi inapoongezwa kiholela, au vinapoliwa na mtu ambaye hakuandikiwa. Kwa sababu hiyo methilifenideti na amfetamini zimewekwa katika jedwali la pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na Mei 2023 FDA iliagiza onyo la matumizi mabaya liandikwe kwa namna moja kwenye dawa zote za kundi hili. Mtu anayekuuzia dukani bila cheti cha daktari anakuuzia hatari, na huna hakika hata ya kilichomo ndani ya kidonge.

Shule ya bweni: nani ashike vidonge?

Matroni, patroni au muuguzi wa shule, kabatini kwa kufuli, vikihesabiwa kila wiki na kuandikwa. Asishike mwanafunzi. Mikoa yetu ina shule za bweni zenye historia ndefu, na inapokaribia mitihani ya kidato cha nne mwezi Novemba, shinikizo la kukesha linakuwa kubwa. Mwenye vidonge ataombwa, atashawishiwa, na wakati mwingine ataibiwa. Anayepokea hajapimwa moyo, hajulikani presha yake, na huenda ndiye yule aliyezimia uwanjani mwaka jana bila mtu kujali. Atakesha, ndiyo, lakini atafika chumba cha mtihani akiwa na mikono inayotetemeka na siku mbili za usingizi anazodaiwa na mwili.

## Kuchanganya na vitu vingine

Ni vitu gani visichanganywe?

Methilifenideti inaweza kupunguza kasi ya mwili kuondoa fenobabitoni na fenitoini, dawa za kifafa zinazotumika sana kwetu, hivyo mtoto akawa msinziaji au akayumba kwa dozi aliyoizoea. Kifafa hakimzuii mtoto moja kwa moja kutumia kichangamshi, ila degedege zikiongezeka daktari ajue mara moja. Baadhi ya dawa za sonona na za maumivu makali, kama fluoksetini na tramado, zikikutana na amfetamini zinaweza kuleta homa, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Dawa za mafua zinazofungua pua hupandisha presha juu ya ile iliyopandishwa tayari.

Vinywaji vya kuongeza nguvu na kahawa nyingi hufanya vivyo hivyo. Mirungi ni kichangamshi kingine chenyewe, mbali na kuwa haramu kisheria. Pombe, gongo ikiwemo, hubadilisha namna mwili unavyoshughulikia methilifenideti na kuongeza kiasi chake kwenye damu. Kijana aulizwe kuhusu haya akiwa peke yake na mhudumu, kwa sababu mbele ya baba atakana.

Na dawa za asili?

Mchanganyiko ambao hujui majani yake usitolewe pamoja na kichangamshi. Ukiwa tayari umeutoa, mwambie daktari bila aibu.

## Hali za pekee

Dozi imesahaulika, au dawa imeisha na kliniki iko mbali.

Iliyosahaulika asubuhi isilipwe kwa dozi mbili. Kama alasiri imeingia, iachwe hadi kesho, kwa sababu ya usingizi. Dawa ikiisha kabisa, mtoto anayetumia dozi ya kawaida atarudiwa na dalili zake, lakini kukatika huko kwa kawaida hakumweki hatarini kimwili. Aliyekuwa akizidisha dozi ni tofauti: anaweza kuporomoka kwa uchovu na huzuni, na aangaliwe kwa karibu. Dawa hizi hazipatikani katika kila famasia, kwa hiyo anayetoka Kibondo au Sikonge apange safari kabla vidonge havijabaki vya wiki moja, na asikubali dawa ya mtoto wa jirani hata kama jina kwenye kopo ni lile lile.

Kidonge kimeonekana kwenye choo, kizima.

Baadhi ya vidonge vya muda mrefu vina ganda lisiloyeyuka. Dawa imeshatoka na ganda limepita. Usiongeze kingine. Kidonge cha namna hii kisisagwe, kisitafunwe wala kukatwa, kwa kuwa dozi ya kutwa nzima itaingia mwilini kwa mkupuo.

Kijana wetu anataka kufunga Ramadhani.

Swali hili hutoka sana Ujiji. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na uamuzi huo familia inaweza kuuzungumza na shehe wao. Kiafya, kijana anayepungua uzito asifunge akiwa kwenye dawa. Mwenye uzito mzuri anaweza kujadiliana na daktari kuhusu kidonge kimoja cha muda mrefu wakati wa daku badala ya viwili au vitatu vya mchana. Kichangamshi huficha kiu na uchovu, kwa hiyo asicheze mpira juani akiwa amefunga.

Mvulana ana uume uliosimama kwa saa nyingi na unauma.

Ni nadra, lakini FDA ilitoa onyo kuhusu methilifenideti na tatizo hili Desemba 2013. Likidumu zaidi ya muda wa saa nne ni dharura ya hospitali, hata kama ni usiku. Mwenye sikoseli anaweza kulipata hata bila dawa, hivyo kwake aibu ya kusema ina gharama kubwa zaidi. Aambiwe mapema, kwa maneno ya wazi.

Mdogo wake wa miaka 3 amemeza vidonge. Tufanye nini?

Mpeleke kituo cha afya au hospitali iliyo karibu sasa hivi, hata kama anacheza na anaonekana mzima. Aina za muda mrefu huchelewa kuonyesha nguvu zake. Usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta. Beba kopo na vidonge vilivyobaki ili wahesabu alivyomeza. Njiani mvue nguo nzito kama mwili una joto, na akipata degedege mlaze ubavu bila kumtia kitu mdomoni. Waeleze wahudumu mlangoni kwamba ni kichangamshi, kwa sababu moyo kwenda mbio, joto kali, mboni zilizopanuka na kuweweseka vinafanana mno na homa ambayo kila mtu hapa huianzia na kipimo cha malaria.